Mke Wangu Hakusema Vile

Mke wangu hakuwa mvivu. Naanza na jambo hili kwa sababu limesemwa na watu wengi, baadhi yao wakiwa wameketi kwenye kochi letu hapa Turffontein, Johannesburg, wakinywa chai aliyoichemsha yeye mwenyewe, na mpaka leo halijakanushwa kwa maandishi. Mwanamke aliyesimamia masufuria ya shughuli mitaa mizima ya Tanga kwa zaidi ya miaka ishirini, harusi, maulidi na khitma, mwanamke aliyeweza kunusa mvuke tu akajua kama wali wa watu mia tatu umeiva au bado, hawezi kuamka siku moja akiwa na miaka sitini na miwili akaamua kuwa mvivu. Uvivu hauanzi hivyo. Nimetumikia serikali maisha yangu yote ya kazi. Wavivu nawajua, na wengine niliwaandikia barua.

Sina budi kueleza kazi yenyewe, kwa kuwa inahusika. Nilikuwa mwandishi wa vikao katika halmashauri. Madiwani wawili waliweza kutukanana saa nzima juu ya mfereji wa maji machafu, mmoja akamtajia mwenziwe mpaka babu yake, nami nikaandika: "Wajumbe walijadili suala la mfereji kwa kina." Mwenyekiti akiuliza kama kuna mwenye pingamizi na ukumbi ukanyamaza, niliandika: "Kikao kiliridhia." Nilisifiwa sana kwa mihtasari yangu. Ilikuwa mifupi, safi, na haikumwudhi mtu. Nilistaafu bila doa.

Tulikuja Johannesburg kwa ajili ya binti yetu. Mumewe alimwacha na mtoto wa kike wa miaka miwili na duka la vitambaa huko mjini, na mtu hawezi kukata kitambaa huku amembeba mtoto. Tulikuja kwa muda mfupi. Mtoto akaanza shule, kibali kikaongezwa, kikaongezwa tena, na muda mfupi ukawa mwaka wa tano. Nyaraka zote za familia nilizitunza mimi katika mkoba mweusi wenye kufuli, juu ya kabati: vyeti, stakabadhi za maombi, pasipoti yangu na pasipoti ya mke wangu. Hakuna aliyeniagiza, na hakuna aliyeniuliza. Ndivyo tulivyokuwa tukiishi tangu tuoane.

Mabadiliko yake niliyaandika katika daftari la kaunta, kwa tarehe, kwa nia ya kumkabidhi daktari atakayehitaji. Mwanzo ilikuwa chumvi. Mchuzi ulikuja hauna chumvi kabisa, kesho yake ukaja umetiwa mara mbili, naye anakula ule na huu bila kukunja uso. Mtu ambaye zamani alikuwa akirudisha sahani ya bibi harusi jikoni! Kisha akaacha kupokea simu za Tanga. Kisha ikawa anakaa ukingoni mwa kitanda asubuhi, amevaa soksi moja, ya pili ipo mkononi, na mimi nikirudi kutoka kumpeleka mjukuu shule namkuta pale pale na soksi ile ile. Wakati wa baridi jua huingia dirishani kwetu kwa saa mbili tu. Hapo awali alikuwa akilifuata na mkeka wake kutoka ukuta huu hadi ule, kama paka. Mwaka huo jua lilimpita akabaki kivulini.

Mjukuu alikuwa akimsalimu kwa Kiingereza na kumuaga kwa Kizulu. Siku moja alimtikisa goti: "Eish, Bibi, mbona husemi?" Hayo yalikuwa maneno mengi kabisa ya Kiswahili niliyopata kuyasikia kutoka kwa mtoto yule, na hayakujibiwa.

Hapo ndipo walipoanza kuja wataalamu. Sijui watu hupata wapi uhakika. Mtu ambaye hawezi kukueleza kwa nini jokofu la duka lake haligandishi, anakueleza bila kusita kwa nini mke wako halii wala hacheki.

Mwenzetu mmoja wa Tanga, mwenye spaza, kiduka cha mtaani, huko Soweto, alifika na mkate na biskuti, akaketi, akashusha sauti.

"Shekhe wangu, huyo kapandwa."

"Kapandwa na nini?"

"Na nini tena? Hapa mjini yupo mtu wa Pemba, anaandika kombe. Siku tatu tu anakunywa, ya nne anakupikia biriani."

Kombe lilikuja, maandishi mekundu yakaoshwa kwa marashi, mke wangu akanywa kwa utii siku tatu. Siku ya nne alikaa ukingoni mwa kitanda. Jirani wa ghorofa ya chini, mama mmoja mwenye sauti kubwa, alitoa hukumu yake kutoka ngazini: "Ni umri, baba. Sisi wanawake tukifika huko mwili hutususa." Mzee wa msikitini alisema imani imepungua, kana kwamba ameipima kwa kibaba. Binti yetu, ambaye alikuwa akitoka kabla ya jua na kurudi amechoka, alisema: "Mama anahitaji kutoka kidogo, Baba. Mpeleke kwenye maduka makubwa." Nikampeleka. Tuliketi kwenye benchi mbele ya duka la viatu muda wa saa moja na robo.

"Tumekuja kuwatazama watu wakinunua viatu?" akauliza.

Niliona ni dalili njema. Lakini baada ya hapo hakusema neno mpaka tulipopita robot ya mwisho, yaani taa za barabarani, karibu na nyumbani, na hapo alisema tu kwamba miguu imekufa ganzi.

Ziara ya pili ya yule mwenye spaza ndiyo iliyonikera zaidi. Alikuwa na rafiki yake, na baada ya kikombe cha pili huyo rafiki akapiga paja.

"Mzee, dawa unaijua ila unaogopa. Oa wa pili! Utaona huyu atakavyoruka kutoka kitandani!"

Walicheka mpaka chai ikawapalia. Mke wangu alikuwa ndiyo kwanza anaingia na sinia. Aliliweka mezani taratibu.

"Aoe," akasema. "Na huyo wa pili atamweka wapi? Kwenye mkoba?"

Wakazidi kucheka, wakasema bibi bado ana ulimi. Na mimi nilicheka. Katika daftari sikuandika kitu siku ile.

Sasa niweke wazi habari ya mdogo wake, kwa kuwa kila aliyetafuta chanzo aliiruka, nami nikiwamo. Miezi saba kabla sijaanza kuandika habari za chumvi, mdogo wake wa tumbo moja alifariki Tanga. Walipishana miaka tisa, na yeye ndiye aliyemlea. Simu iliingia asubuhi. Aliisikiliza akiwa amesimama jikoni, akaizima, akaja chumbani nilipokuwa nikinyoa ndevu.

"Nipe pasipoti yangu," akasema.

Nilimweleza. Nilimweleza kwa upole na kwa ufasaha. Kibali kilikuwa kimekwisha muda wake na maombi ya kukirefusha yalikuwa bado hayajajibiwa. Akitoka katika hali ile angeweza kuzuiwa kurudi kwa miaka, na mtoto alelewe na nani? Karatasi ilikuwa njiani. Sheria ilikuwa upande wangu, na bado iko upande wangu, yeyote anayetaka na aisome. Nilimaliza kwa kumwuliza kama amenielewa. Hakujibu. Alirudi jikoni.

Kikao kiliridhia.

Msikitini tulisoma dua baada ya swala ya alasiri, wanaume kumi na mmoja. Matanga hatukuweka, kwani nilihesabu kwamba matanga yako Tanga, huko ndiko kwenye maiti na ndugu, na mtu hawezi kufiwa mahali pawili. Jioni ile mjukuu alikuwa na njaa na binti yetu alikuwa bado dukani. Mke wangu alipika makaroni. Namkumbuka akiyachuja kwenye sinki, mvuke ukimfunika uso. Karatasi ya kibali ilitoka baada ya majuma kumi na moja. Nilimwonyesha. Aliitazama kama mtu anayeonyeshwa picha ya nyumba ya wengine, akasema, "Haya."

Kliniki ndilo lililokuwa wazo langu mwenyewe, na nataka hilo lihesabiwe, kwa sababu mengine yote hayatanisifu. Tulifika alfajiri tukakuta watu wameshajaa kwenye mabenchi. Jina lake waliliandika kwenye jalada, nikaliona kosa, nikaomba lisahihishwe, wakalisahihisha kwa kosa jingine. Tuliitwa karibu na adhuhuri. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na alizungumza nami Kiingereza kwa heshima, akiniita Baba kama wafanyavyo wenyeji. Aliuliza kama mke wangu anajua Kiingereza. Nikasema kidogo cha sokoni, nami nitatafsiri. Nilijisikia, nakiri, kama mtu aliyerudishwa kazini.

"Mwulize ameanza lini kujisikia hivi," akasema, "na aseme mwenyewe anachokiona kuwa ndicho kilichomleta."

Nikauliza. Mke wangu alitazama sakafu kidogo, kisha akaanza kusema. Alisema kwa takriban dakika nne mfululizo, kwa sauti ya chini, bila kusita, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa zamani. Sikuwa nimemsikia akisema kwa urefu ule tangu mwaka uliopita. Alipomaliza, muuguzi alinigeukia na kalamu yake.

"Anasema," nikatafsiri, "amefiwa na ndugu, hapati usingizi mzuri, na hana hamu ya chakula."

Kalamu ilisimama. "Maneno yote yale ndiyo hayo tu?"

"Sisi ni watu wa maneno mengi," nikasema.

"Je, huwa anafikiria kufa?"

"Ni mwanamke mcha Mungu," nikajibu, na wala sikumwuliza mwenyewe.

Tulipewa vidonge vya maumivu na vingine vya usingizi vya siku chache, na tarehe ya kurudi baada ya miezi miwili. Nilimtanguliza mke wangu kwenye kivuli cha ukuta, nikabaki nikizipanga karatasi. Ndipo mlinzi wa mlangoni aliponiita. Alikuwa mwanamke wa Kikongo, mnene, kofia ya sare imekaa upande juu ya nywele zilizosukwa vizuri.

"Papa, samahani. Mimi niko mulinzi tu. Lakini Kiswahili nasikia. Mama hakusema vile."

Nilidhani sikusikia sawa. "Ulikuwa unasikiliza mazungumzo ya mgonjwa?"

"Mulango iko wazi, Papa. Na masikio yangu iko wazi."

"Hii ni siri ya mgonjwa na muuguzi wake."

"Sasa muuguzi ameijua? Mama ametoa mambo mingi, mingi sana. Weye umetoa kidogo, ukafunga."

"Nimefupisha, bibi. Kufupisha ni taaluma. Nimeifanya kazi hiyo kabla wewe hujavaa sare."

"Hukufupisha maneno, Papa. Umemufupisha mama mwenyewe." Akaishusha sauti, maana watu kwenye benchi walianza kututazama. "Nilifanyaka hiyo kazi kwenye kambi ya wakimbizi, kutafsiria wanawake. Walitufundisha kitu moja. Mutu akisema 'mimi', na weye unasema 'mimi'. Hausemi 'anasema'. Ukisema 'anasema', unakuwa bosi wa maneno yake."

Niliondoka pale nimekasirika kiasi kwamba tulipanda teksi, yaani daladala za huku, isiyo ya njia yetu, tukajikuta Jeppestown kati ya karakana za magari. Njia nzima nilikuwa nikimjibu kichwani. Mlinzi! Kiswahili chake hakikuwa na upatanisho wowote wa ngeli, lakini ananifundisha mimi kutunza kumbukumbu! Mke wangu aliketi dirishani na mfuko wa dawa mapajani. Hakuuliza kwa nini tumepotea.

Alipolala mchana ule nilifungua daftari la kaunta ili niandike malalamiko rasmi kuhusu mlinzi. Niliandika tarehe, mahali, na waliohudhuria, kama ilivyo desturi. Kisha, ili malalamiko yawe na msingi, ilibidi niandike alichosema mke wangu, neno kwa neno, ndipo nionyeshe jinsi ufupisho wangu ulivyokuwa wa haki. Hapo niligundua kwamba nilikuwa nayakumbuka yote. Ndiyo kazi iliyonilea: masikio yangu hushika kila kitu, ni kalamu tu inayochuja. Yaliyoandikika ni haya:

"Mwambie nilikuwa na mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni mpaka alipokuwa mzito kuliko mimi, kwa sababu mama yetu misimu mingine alikuwa haamki. Nyumbani walisema mama anapumzika. Mimi ndiye niliyekuwa namnywesha uji. Sasa namwogopa, maana na mimi napumzika vile vile. Mdogo wangu amekufa, sikumwosha. Pasipoti yangu ilikuwa kwenye mkoba, mkoba uko juu ya kabati, ufunguo anao mume wangu. Nilimwomba mara moja. Sikumwomba tena kwa sababu alinijibu kama wananchi wanavyojibiwa dirishani. Nimepikia misiba ya watu tangu ujana wangu, na mfiwa hapiki, kila mtu anajua, hata watoto. Wangu nimeupikia mwenyewe. Makaroni. Toka siku ile chumvi siisikii. Siwezi hata kulia, nililie wapi, hapa hakuna anayemjua. Asubuhi nikiamka nasikitika kwamba nimeamka. Sitajifanyia kitu, namwogopa Mungu. Lakini kama ningelala moja kwa moja, nisingelalamika."

Nilihesabu mistari. Ilikuwa kumi na tisa. Mimi nilimpa muuguzi mmoja. Na katika ule mmoja hapakuwa na mkoba, hapakuwa na mama asiyeamka, na swali la kufa nililijibu kwa niaba ya mtu aliyekuwa ameketi umbali wa kiwiko changu, naye alikuwa ameshalijibu.

Malalamiko dhidi ya mlinzi sikuyamaliza.

Katika kila halmashauri iliyo hai, jambo la kwanza baada ya kufungua kikao ni kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Mjumbe yeyote ana haki ya kusimama na kusema, ukurasa wa pili, mstari wa tano, hapa si sahihi. Hakuna kikao kinachosonga mbele juu ya muhtasari wenye makosa. Nililisimamia jambo hilo kwa wengine miaka yote ile. Kesho yake asubuhi nilimwambia mke wangu tunarudi kliniki.

"Tarehe yetu ni ya miezi miwili," akasema, uso kwa ukuta.

"Kuna marekebisho."

Nilidhani atakataa. Alivaa soksi zote mbili, nadhani kwa mshangao.

Mlinzi alituona, akaangalia daftari kwapani mwangu, akafungua mlango, akacheka kwa macho. Muuguzi hakufurahi kutuona, na ana haki, mabenchi yalikuwa yamejaa. Nilimwambia kwa Kiingereza kwamba muhtasari nilioutoa jana haukuwa sahihi, kwamba mkosaji ni mimi, na kwamba naomba dakika tano ili jalada lisahihishwe. Alivua miwani yake. "Baba," akasema, "katika miaka yangu yote hapa hakuna mume aliyewahi kurudi kusahihisha." Akafunga mlango, jambo ambalo lilipaswa kufanyika tangu siku ya kwanza.

Nilimwuliza mke wangu kama naweza kusema aliyoyasema jana. Akainua bega. Nikafungua daftari, nikasoma, nikitafsiri mstari kwa mstari, na nikafuata agizo la yule mlinzi: nikasema "mimi".

Sijui kama msomaji amewahi kuyafanya haya. Kusema kwa mdomo wako mwenyewe, kwa sauti ya ofisini, "Mimi sikumwosha mdogo wangu." Kusema, "Pasipoti yangu iko kwenye mkoba, ufunguo anao mume wangu." Niliposema hivyo mke wangu aligeuka. Kiingereza cha sokoni kinatosha kwa maneno mawili.

"Umesema pasipoti?"

"Nimesema."

"Na mume, umemsema?"

"Nimemsema."

"Endelea basi."

Nikaendelea. Nilipofika kwenye kuamka asubuhi na kusikitika, sauti ya ofisini ilikataa kutoka. Si kwa sababu ya hisia, au si kwa hiyo tu. Ni kwamba jana niliyasikia maneno yale kama yake, na leo yalikuwa kinywani mwangu na sikuweza kuyapa mgongo. Muuguzi alisubiri. Kisha alimwuliza yeye mwenyewe, polepole, maswali mengine juu ya jambo hilo, moja baada ya jingine, nami nilikuwa bomba tu la kupitisha maji. Mke wangu alijibu yote. Muuguzi alimpima shinikizo la damu, akamtoa damu ya vipimo, akaita daktari. Siku ile tuliondoka na dawa nyingine kabisa, maelezo kwamba zitachukua majuma kadhaa kabla ya kufanya kazi na zisiachwe katikati, miadi kila baada ya juma moja kwa mshauri wa mambo ya akili, na agizo la kurudi siku yoyote, bila foleni, kama asubuhi zitakuwa nzito zaidi.

Kabla ya kutoka nilimwomba muuguzi anitajie chanzo. Nilitaka kukiandika.

"Unataka kijisanduku kimoja cha kuweka tiki," akasema.

"Nataka kumbukumbu sahihi."

Nilimtajia vyanzo vyote vilivyotajwa na majirani, naye akanieleza, nami naandika kama alivyosema. Kwamba sonona ni ugonjwa, si tabia. Kwamba kwa mwanamke huyu kuna damu ya mama yake, kuna mwili uliobadilika na umri, kuna kifo, kuna nchi ya watu, kuna kazi aliyokuwa akiheshimiwa kwayo ambayo hapa haina mahali, na kuna kukaa na jambo zito bila kuulizwa. Kwamba kimoja kati ya hivyo pengine kisingemwangusha. "Jirani aliyesema ni umri hakudanganya," akasema, "ila aliishia hapo. Wote huishia pale panapowafaa."

"Na mkoba?"

"Mkoba umo. Lakini usiichukue lawama yote, Baba, ukaibeba kama cheo. Hapa mgonjwa ni yeye."

Nilikasirika tena, kidogo. Hata lawama nilikuwa nimeanza kuizoea.

Nyumbani niliushusha mkoba, nikatoa pasipoti yake, nikampa. Aliifungua kwenye picha. "Nilikuwa mnene," akasema. Akaiingiza ndani ya foronya ya mto wake. Nilitaka kumweleza kwamba foronya si mahali pa kuhifadhia waraka wa serikali. Nikaurudisha mkoba juu ya kabati.

Matanga aliyaomba mwenyewe, juma la tatu, kwa mshauri, nami nikapata shida kubwa ya kulieleza jambo lile kwa Kiingereza: kwamba mtu aliyefiwa karibu mwaka mzima uliopita anataka wanawake waje wakae naye chini, na asiruhusiwe kuingia jikoni. Mshauri aliona ni jambo jema. Mwenye spaza aliona ni uzushi, mzee wa msikitini aliona muda wa matanga umepita kisheria, na binti yetu, Mungu ambariki, aliwaambia wote wawili kwamba hawajaombwa ruhusa, wameombwa viti.

Walikuja Jumamosi, siku ya mashindano ya farasi, kipaza sauti cha uwanjani kikipiga kelele ng'ambo ya barabara kuhusu farasi wasiotuhusu. Mke wangu aliketishwa juu ya mkeka, mgongo ukutani. Alipojaribu kuinuka, mama wa ghorofa ya chini alimkalisha kwa mikono miwili: "Kaa, mfiwa!" Mlinzi wa kliniki alikuja na wenzake wawili wa kanisani kwao na sufuria la sombe, kisamvu cha kwao, akauliza kama inaruhusiwa wakae, akakaa kabla hajajibiwa. Sisi wanaume tulikuwa kwenye ukumbi mwembamba wa nje, na kutoka huko nilimsikia mke wangu akilia. Alilia muda mrefu, na wanawake wakimwuliza mdogo wake alikuwa mtu gani, naye akiwaeleza. Alikuwa akipenda embe bichi, alisema. Aliwahi kuanguka kisimani akatoka anacheka.

Kisha chakula kikapita. Mke wa mwenye spaza ndiye aliyepika. Kukawa kimya, kimya cha sahani.

"Nani kapika mchuzi huu?"

Kijiko kikagonga sahani.

"Chumvi imezidi. Tieni kiazi, kichemke nao, kitainyonya. Na huo wali msiufunike hivyo, mnautia jasho."

"Samahani, dada."

"Usiombe samahani, tia kiazi."

"Mama amesikia chumvi!" mlinzi akapiga kelele mpaka kwetu. "Papa, umeandika?"

Niliandika.

Sitaki mtu ajidanganye kwamba yaliishia hapo, maana nimechoshwa na watu wa siku ya nne na biriani. Siku iliyofuata alilala mpaka adhuhuri, na juma lile lote jua lilimpita tena. Dawa zilibadilishwa mara moja. Sasa ni mwezi wa sita. Siku nyingine anavaa soksi zote mbili kabla sijarudi kutoka shuleni, siku nyingine moja. Naandika zote, nzuri na mbaya, na jioni namsomea nilichoandika, naye husahihisha. Husahihisha sana. Huyaona makosa yangu kuliko diwani yeyote.

Juma lililopita alisema anataka kwenda Tanga akaone kaburi, na arudi. Nilileta fomu ya safari, nikavaa miwani, nikafungua kalamu. Aliichukua fomu kutoka mkononi mwangu, na kalamu pia.

"Nitajaza mwenyewe," akasema. "Wewe nisomee tu Kiingereza."

"Mengine si ya muhimu, ni maelezo tu ya—"

"Yote. Usinifupishie."

Fomu ilikuwa na kurasa nane. Nilisoma yote.